Joka Halina Mabawa

Mwanafunzi wa Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, hukutana na kiumbe huyu kwa majina mawili. Katika vitabu vya Kifaransa anaitwa dragon, na picha humwonyesha akiwa na mabawa, akitema moto. Kanisani, Ufunuo sura ya 12 unamwita joka. Wapo wanaodhani Kiswahili kilikosa neno, kikaokota lililo karibu. La hasha: joka ndilo linalokaribia zaidi Kigiriki cha awali.

Wagiriki walisema drakon, wakimaanisha nyoka mkubwa. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na kitenzi cha kuona, kukazia macho. Na nyoka, kwa kuwa hana kope, hapepesi. Drakon alilinda ngozi ya dhahabu kule Colchis. Mwingine aliuawa na Cadmus, mwanzilishi wa Thebes. Hata Torati ilipotafsiriwa kwa Kigiriki huko Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, fimbo ya Haruni mbele ya Farao iligeuka drakon.

Kiswahili kimefuata njia hiyohiyo. Nyoka akikuzwa huwa joka, kama nyumba ikikuzwa inavyokuwa jumba. Mzizi wake ni wa kale: Warundi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, husema inzoka.

Sasa rudi kwenye Ufunuo usome taratibu. Joka lile ni jekundu, lina vichwa saba na pembe kumi. Mabawa hayatajwi kwake. Anayepewa mabawa, ya tai, ni mwanamke anayekimbia. Wala kinywani mwa joka hautoki moto, bali maji kama mto. Msomaji wa Baraka haoni ugeni hapo, kwani Tanganyika ina swira wake wa majini, mwenye sumu, anayekula samaki. Mabawa na moto vilienea zaidi katika michoro na hadithi za Ulaya ya Zama za Kati.

Tahadhari moja inabaki. Long, yaani dragon wa Wachina, huleta mvua na alikuwa alama ya wafalme wao. Kumwita joka bila maelezo ni kumvika uovu wa Ibilisi, ambaye Ufunuo unamtaja kwa jina hilo. Basi walimu wa Fizi wafundishe joka kwa Wagiriki na Biblia, na wamwachie Mchina long wake.