Kikaango cha Vitéz László

Shetani anachomoza kichwa, na kabla hajamaliza kutisha, kikaango kinamshukia utosini: pwaa! Watoto wanashangilia. Mwenye kikaango ni Vitéz László, karagosi wa mkononi mwenye kichwa cha mbao na kofia nyekundu, kipenzi cha Wahungari. Hata Mauti ikija, huipiga kwa chombo hichohicho cha jikoni.

Ukifuatilia nasaba yake utavuka mipaka mingi. Babu yake ni Pulcinella wa Naples, aliyebebwa na wachezaji wa Kiitalia kutoka soko hadi soko. Waingereza walimfanya Punch. Vienna ikamlea Kasperl. Hungaria, iliyokuwa chini ya ukoo wa Habsburg, ikampata mcheshi wake Paprika Jancsi, mtangulizi wa Vitéz László, na paprika yenyewe asili yake ni Amerika! Nasi tusijione wenyeji sana: neno letu “karagosi” linatokana na Karagöz, mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki.

Mabwana nao walikuwa na makaragosi wao wa nyuzi. Mwaka 1773, katika kasri la Eszterháza, mtunzi wa muziki Haydn alimtumbuiza Malkia Maria Theresa kwa opera ya makaragosi, kwa Kijerumani.

Mimi navutiwa zaidi na vijijini. Msimu wa Krismasi vijana walizunguka nyumba kwa nyumba wamebeba kisanduku chenye umbo la kanisa. Sakafu yake ilikatwa mianya, na mchezaji aliyejificha aliwasukuma makaragosi kwa vijiti kutoka chini: wachungaji, Herode, shetani. Kando yao walisimama wachungaji wa kweli, watu walio hai waliovaa ngozi za kondoo, wakiimba na kutaniana. Wapolandi wana szopka, Waukraine wana vertep, ndugu wa damu wa kisanduku hicho. Lakini utani wa wachungaji ulikuwa wa Kihungari, na wenye nyumba walicheka kwa sababu waliyajua maneno hayo tangu utotoni.

Vitéz László naye alipata kwao hivyohivyo, mdomoni na mkononi mwa ukoo mmoja. Babu wa ukoo huo alikuwa mtu wa maonyesho ya masokoni, jina lake Korngut. Familia ikachukua jina la Kihungari, Kemény, yaani “-gumu”, na baba akacheza katika bustani ya Népliget, Budapest. Vita vya Pili vya Dunia vilimchukua baba huyo. Mwanawe Henrik, aliyezaliwa 1925, akakiinua kikaango, na hakukiweka chini hadi uzeeni. Alifariki 2011.

Kidole cha shahada kichwani, kidole gumba mkono mmoja, cha kati mkono wa pili: mwili mzima wa shujaa huyo ni kiganja cha mtu.