Maji ya Jaruba na Hoja za Watoto

Katika Igawa, mahali ipitapo barabara kuu ya Makambako na Mbeya kando ya mashamba ya mpunga ya Usangu, hakuna mtoto asiyelijua jaruba. Naye mwalimu wa sayansi akiuliza maji ya jaruba lililokauka yamekwenda wapi, atakuwa ameuliza jambo ambalo kila mtoto ana rai juu yake, ingawa aghalabu rai hiyo haipewi muda wa kutamkwa.

Muda huo umepata kupimwa. Mtaalamu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi na kuandika habari zake mwaka 1974, aliona ya kuwa mwalimu akisha kuuliza hungoja kiasi cha sekunde 1 tu kabla hajamwita mwingine au kujijibu. Na waalimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wakatoa dalili za maneno yao, wakaulizana wao kwa wao, na hata wale waliodhaniwa wazito wa kufahamu wakaanza kunena. Sababu ni bayana: mtoto hana budi alielewe swali, alitafute jambo katika kumbukumbu, alipange kwa maneno, kisha apate ujasiri wa kulisema mbele ya wenziwe, na yote hayo hayatimii kufumba na kufumbua.

Lakini kimya peke yake hakitoshi. Watoto watatu wa dawati moja wakipewa idhini ya kujadiliana, mmoja atasema maji yamezama ardhini, wa pili yamenywewa na mpunga, wa tatu jua limeyachukua. Wote wana sehemu ya haki, na kila mmoja, akidaiwa sababu na mwenziwe, hulazimika kuikagua fikra yake, jambo asilolifanya akiitikia pamoja na darasa zima. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenziwe, wakiwachunguza wanafunzi wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Colorado, walionyesha kwamba mazungumzo ya namna hii huongeza fahamu hata pale ambapo hapana mmoja katika kundi aliyelijua jibu tangu awali.

Akili ya kudadisi ndiyo aliyoitaka Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, nami naamini kwa dhati kwamba haizaliwi katika kunakili ubao. Watakaosema darasa la watoto themanini halijadiliani, wajue kuwa hujadiliana dawati kwa dawati, dakika mbili tu, mwalimu akipita kusikiliza. Kisha na wamimine maji ya kipimo kimoja katika sahani mbili, moja wakaifunika, wakaziweka juani. Aliyekataa habari ya jua atayakuta matone chini ya kifuniko, na hapo atakuwa na hoja mpya ya kubishania.