Ndimu usoni si dawa ya makunyanzi



Alifika kwetu hospitalini mama mmoja wa makamo, uso ameufunika kwa khanga. Alipoifunua tuliona mashavu yamevimba na kutoka malengelenge, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Hakuwa ameungua moto. Arusi ya binti yake ilikuwa imekaribia, naye alitaka kuondoa makunyanzi na madoa ya uzee. Asubuhi moja alijipaka maji ya ndimu, kisha akaenda shambani kupalilia hadi adhuhuri.

Akina mama wengi hutuambia, "Sista, hii ni mimea tu, haina kemikali." Ndugu zetu, kila mmea una kemikali zake. Katika ndimu, hasa kwenye ganda, mna kemikali ziitwazo furokumarini. Zikiwa juu ya ngozi na zikapigwa na jua, huiunguza. Malengelenge huonekana baada ya siku moja hadi tatu, wakati mtu ameshasahau ile ndimu. Wengine husema wamelogwa! Yakipona huacha weusi unaoweza kukaa miezi. Mama yetu alikwenda arusini na mabaka yake.

Ukijikuta umejipaka, nawa kwa maji mengi na sabuni, kaa kivulini, na malengelenge yakitoka usiyapasue.

Mshubiri nao hupendwa sana. Ute wake mweupe wa ndani hulainisha ngozi kavu, hatuukatazi. Lakini chini ya ganda la jani kuna utomvu wa njano, na huo huwasha. Simamisha jani lililokatwa mpaka utomvu uchuruzike, osha, ndipo uchukue ute. Jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili. Mafuta ya nazi huhifadhi unyevu wa ngozi. Ila makunyanzi yaliyokwisha kuingia, mshubiri na nazi haviyaondoi.

Kinachozeesha uso zaidi ni jua, na sigara pia. Ngozi nyeusi ina kinga yake, kwa hiyo hukunjamana kwa kuchelewa, lakini kinga hiyo haitoshi kwa mtu anayeshinda juani miaka 30. Kofia pana ya ukindu ina faida kuliko vichupa vingi vya sokoni.

Na vichupa hivyo ndivyo vinavyotutia hofu. Vingine huandikwa "mitishamba", kumbe ndani mna zebaki, ambayo hudhuru figo, au steroidi, ambazo hufanya ngozi iwe nyembamba na kuchubuka kirahisi. Mtu hung'aa wiki za mwanzo, akasifiwa na majirani, baadaye uso unaharibika kuliko ulivyokuwa. Aliyetumia muda mrefu aonane na daktari.

Ukiuziwa krimu isiyoandikwa vilivyomo, ilete na kopo lake tuione kabla hujajipaka.