AC Inadondosha Maji? Usiniulize Bei ya Gesi

Masika ikishatulia Dar es Salaam, ujumbe huanza kuingia, na wote ni mmoja: “Fundi, AC inamwaga maji ukutani. Kujaza gesi ni shilingi ngapi?” Leo najibu wote kwa pamoja. Maji hayo hayahusiani na bei ya gesi, na fundi aliyekwambia yanahusiana ama hajui kazi au anaijua vizuri mno.

Maji yametoka hewani. Hewa yetu ya pwani ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo imebeba takriban gramu 23 za maji. Koili iliyo ndani ya mashine huwa na nyuzi kama 10 hivi. Hewa ikipita hapo hunyang'anywa sehemu ya unyevu wake, matone huteremka kwenye trei, na mpira huyapeleka nje. Usiku wa fukuto, AC ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Kwa hiyo AC inayotoa maji inafanya kazi yake. Ikiyatolea sebuleni, shida ni njia ya maji.

Sasa hiyo gesi. R22 huchemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri, R32 na R410A hata chini zaidi, zaidi ya nyuzi 51. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kudondoka matone na kuloanisha godoro katika chumba cha Sinza. Ikipata tundu hutoroka hewani. Ikiacha alama, mara nyingi ni doa la oili ya kompresa kwenye maungio. Wala gesi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, mwaka baada ya mwaka. Friji lako jikoni linatumia utaratibu huohuo. Mbona huliongezei gesi kila Krismasi? Gesi ikipungua kwenye AC, kuna mahali inavujia. Anayekujazia bila kupatafuta anakuuzia kitu anachojua kitamwagika, kisha anakuaga kwa ahadi ya kuonana tena baada ya miezi michache.

“Lakini fundi, alijaza gesi na maji yakakata!” Naam. Na kabla ya kujaza alifungua kava, akaosha filta na kupuliza mpira. Ulitibiwa kwa maji ya bomba, ukalipia gesi. Wapo hata wanaoning'iniza geji dakika tano, wakatikisa mtungi, wakakunja vyombo vyao bila kuingiza chochote. Hao angalau hawajaharibu mashine. Mbaya zaidi ni yule anayeijaza kweli mashine ambayo haikupungukiwa: presha inapanda, umeme unaliwa, kompresa inachoka kabla ya siku zake. Au anashindilia R22 kwenye mashine ya R410A kwa sababu ndiyo aliyobeba, ilhali hata oili zake ni tofauti. Aina ya gesi na uzito wake, kwa gramu au kilo, vimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Gesi hupimwa kwa mizani. Kuikisia kwa kupapasa bomba kama lina ubaridi si ufundi.

Kuna hali moja tu inayowapa watu hawa pa kushikia. Gesi ikipungua kweli, koili huweza kushuka chini ya sifuri na kuganda. Ukizima AC, barafu inayeyuka kwa wingi na maji kuikosa trei. Hapo lakini utaona barafu kwa macho yako, na chumba hakitapoa vizuri. Na hata barafu yenyewe, mara nyingi mkosaji ni filta iliyozibwa na vumbi hadi hewa haipiti. Chumba kinapoa kama kawaida na maji yanadondoka? Achana na gesi.

Fanya hivi. Zima AC kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti tu, hasa kama kuna soketi chini yake. Toa filta, osha, kausha. Ukikuta barafu, iache iyeyuke yenyewe. Usiichokonoe kwa kisu, koili ni laini. Kisha toka nje utafute ncha ya mpira. Ikiwa imezama ndani ya ndoo ya maji, inyanyue, hewa ikinaswa mle maji hayashuki. (Maji hayo yanafaa kudekia, si ya kunywa.) Kama nyigu wamejenga au mjusi kafiri amefia humo, zibua, ute mweusi unyonye kutokea nje kwa mashine ya kunyonya maji. Usiupulize kuelekea ndani, utakurudia sebuleni. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye siki. Klorini hapana, inakula koili. Mimina kikombe cha maji polepole kwenye trei: yakitoka nje, umemaliza. Yasipotoka, tazama kama mpira umejikunja au una sehemu iliyopanda juu badala ya kuteremka. Matone yakitoka kwenye bomba la shaba na si kwenye mashine, sponji yake imechanika, livalishe nyingine. AC mpya inayovuja tangu siku ya kwanza, weka pimamaji juu yake: huenda imefungwa ikiinamia upande usio na mpira, na aliyeifunga arudi airekebishe bure. Trei iliyopasuka ni ya kubadilisha. Barafu ikirudi wakati filta ni safi na feni inavuma vizuri, hapo ita fundi. Kabla hajafungua mtungi, muulize tundu liko wapi na mizani yake iko wapi.