Jiwe la Matumbawe Motoni: Atomi Zinavyoshikana (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye umbo la atomi: kiini katikati chenye protoni na nyutroni, na elektroni zilizokizunguka kwa matabaka. Leo tutazame atomi zinavyoshikana, na shahidi wangu ni chokaa. Hii hii iliyojenga Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani zaidi ya miaka 600 iliyopita, na ambayo mla tambuu huipaka jani kwa ncha ya kidole.

Mchoma chokaa wa pwani hupanga magogo, juu yake akapanga mawe ya matumbawe, kisha akatia moto. Moto ukizimika mawe bado yapo, meupe, lakini ukiyainua utashangaa yalivyo mepesi. Yatie maji: yatatokota, yatafuka mvuke, mwishowe yatafumuka kuwa unga laini. (Anayejaribu aangalie macho yake, chokaa hiyo huunguza vibaya.)

Kilichopotea motoni ni nini? Joseph Black, daktari wa Uskoti, aliliendea swali hilo kwa mizani, na katika maandishi yake ya mwaka 1756 akaonyesha kwamba uzito uliopungua ni wa hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Hewa hiyo leo twaiita hewa ukaa.

Kilichobaki nacho kiliwasumbua wataalamu. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipoorodhesha elementi mwaka 1789, chokaa aliitia humo, maana kwake elementi ilikuwa kitu kisichoweza kugawanywa zaidi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuigawa chokaa. Mwaka 1808 Humphry Davy, huko London, akaigawa kwa umeme na kupata metali mpya: kalsiamu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu Lavoisier hakuzembea. Kanuni yake ilikuwa njema. Nyenzo ndizo zilizokuwa bado. Siku hizi twahesabu protoni: kila atomi yenye protoni 20 ni kalsiamu, yenye 6 ni kaboni, yenye 8 ni oksijeni.

Tumbawe basi ni kampaundi, yaani elementi zilizofungamana kwa hesabu isiyobadilika: kwa kila atomi moja ya kalsiamu, moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Jina lake ni kalsiamu kabonati. Na ndani yake mna vifungo vya aina mbili, ndiyo maana nimelichagua.

Kaboni ina elektroni nne katika tabaka la nje, oksijeni sita. Atomi hizi hushirikiana elektroni, kama watu wanaokula sinia moja: chakula ni cha huyu na ni cha yule pia. Hicho ni kifungo cha kovalenti, nacho ndicho kinachoifunga kaboni na oksijeni zake tatu kuwa kundi moja. Kalsiamu haimo katika sinia hilo. Elektroni zake mbili za nje zimekwenda kwa kundi lile, yenyewe ikabaki na chaji chanya, kundi likawa na chaji hasi, na chaji zilizo kinyume huvutana. Hicho ni kifungo cha ioni.

Vitabu vingi vya shule husema atomi "inataka" kujaza tabaka lake. Naomba tuliache neno hilo. Atomi haina matakwa. Hushikana kwa sababu zikishikana nishati yake huwa ndogo kuliko zikiwa mbalimbali. Kwa hiyo kifungo kinapofungwa, nishati hutoka. Kukikata ndiko kunakohitaji nishati. Wengi huligeuza jambo hili, na wakiligeuza kemia yote iliyobaki huwachanganya.

Turudi tanurini. Joto likifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, kundi la kabonati huvunjika. Oksijeni moja hubaki na kalsiamu, nyingine mbili huondoka na kaboni. Kwa uzito, kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 ni 48, jumla 100. Kilo 100 za jiwe safi basi hutoa kilo 56 za chokaa, na kilo 44 hupaa hewani. Ndio ule wepesi ulioukuta mkononi. Nayo maji yakimwagwa, vifungo vipya hufungwa na nishati hutoka. Ndiyo sababu ya kutokota bila moto.

Fundi akiisha kuipaka ukutani, chokaa hunywa hewa ukaa pole pole, kwa miezi na miaka, hadi iwe kalsiamu kabonati tena. Kuta za Kilwa zimeshikwa na jiwe lililozaliwa upya kutokana na upepo.

Kabla ya wiki ijayo, chukua ganda la yai, ambalo nalo ni kalsiamu kabonati, ulidondoshee siki. Tazama mapovu. Usijaribu kwenye magofu ya Kilwa, tafadhali; siki inafanya nini hasa, tutaanzia hapo.