Siku moja Nairobi kabla ya kupanda Mlima Kenya

MSAFIRI anayetoka Mombasa kwenda kupanda Mlima Kenya huondoka usawa wa bahari akitarajia, siku chache baadaye, kusimama kwenye kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Njiani kuna Nairobi, na wengi huipita kana kwamba ni kituo cha kubadilishia gari tu.

Siku moja jijini ina manufaa yake. Siku mbili ni nyingi, na sababu yake itaonekana.

Wenye jamaa Kawangware, au Kibera katika kijiji cha Raila, kilichopewa jina la marehemu Raila Odinga aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, hawana haja ya hoteli. Kutoka Raila mtu hufika kwa miguu katika soko la Toi, ambako mitumba ya kila aina huuzwa. Soko hilo liliteketea Machi 2019, lakini wafanyabiashara walirejea.

Hapo hupatikana buti za kupandia mlima kwa bei nafuu kuliko za dukani. Mnunuzi asihadaike na ngozi inayong'aa. Buti iliyokaa kabatini miaka mingi huweza kuoza soli bila dalili ya nje, ikameguka siku ya pili ya safari. Aikunje, aiminye soli kwa kidole gumba, na atazame mahali inapoungana na ngozi. Ikianza kubanduka hapo tu, fundi wa viatu ataishona siku hiyo hiyo. Ikimeguka kama mkate mkavu, airudishe.

Buti zijaribiwe alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo, na kwa soksi nzito. Vidole vipate nafasi, kwani ni wakati wa kushuka, wala si wa kupanda, ambapo kucha huumia.

Gesi ya kupikia nayo hununuliwa Nairobi, kwa kuwa ndege haziruhusu abiria kubeba makopo yake. Ada za kuingia mbugani hulipwa kupitia eCitizen, hivyo ni heri kumaliza shughuli hiyo mtandao ukiwa imara.

Tatizo kubwa ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ugonjwa wa milimani kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500. Usiku wa Raila humpa mgeni usingizi mwema, lakini haumzoeshi mwinuko wa mlima.

Katika njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses iko mita 3,300 na ya Shipton mita 4,200. Ushauri wa kawaida ni kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kati ya kambi hizo mbili kuna mita 900. Kwa hiyo mwenye siku ya ziada aipeleke huko juu, asiimalizie mjini. Akiumwa kichwa na kutapika, asiendelee kupanda; hali ikizidi, ashushwe mara moja, hata ikiwa ni usiku, kwani ugonjwa huo huua.

Matatu za Nanyuki hutoka katikati ya jiji, na safari ni ya kilomita 200 hivi. Aliyelala Raila aondoke alfajiri, kabla ya msongamano wa Barabara ya Ngong, buti zikiwa miguuni wala si ndani ya mkoba juu ya gari.