Shahada ya Chuo cha Ufundi ni Shahada?

Jumapili moja, nyumbani kwa mama mdogo hapa Doonside, wali ulitupoea mezani. Binamu yangu, mwenye stashahada na kazi katika kituo cha kulelea watoto, alikuwa ametangaza kwamba anataka kusomea shahada ya kwanza ya elimu na malezi ya watoto wadogo TAFE, yaani chuo cha ufundi cha serikali ya jimbo.

"Nimevuka bahari ili mwanangu apate shahada ya fundi?" mama mdogo akauliza.

Wengi wetu chamani tumelisikia swali hilo, kwa hiyo tulijibu kwa makini. Australia ina ngazi kumi za sifa za elimu. Stashahada iko ngazi ya tano, shahada ya kwanza iko ya saba, awe ameitoa nani. Shahada ya TAFE hukaguliwa na TEQSA, chombo cha taifa cha kusimamia ubora wa elimu ya juu, ambacho pia husimamia vyuo vikuu. Tena, mwenye stashahada ya fani hiyo anaweza kupunguziwa baadhi ya masomo.

Baba mdogo, aliyekuwa kimya, akacheka. Yeye alisoma Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1957. Sheria ya mwaka 1997 ilikigeuza kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na leo kinatoa shahada za uhandisi. "Wahandisi wa DIT mnawaita mafundi?" akauliza. Kenya nako, Politekniki ya Mombasa imekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tangu 2013. Njia tunayoidharau ugenini tumeipita nyumbani.

Mama mdogo akashika kijiko tena. "Haya, ada je?"

Hapo mjadala ulitoka kwenye heshima ukaingia kwenye hesabu, na hapa ndipo penye tofauti ya kweli. Katika chuo kikuu cha umma, mwanafunzi raia kwa kawaida hupata nafasi ambayo serikali hulipia sehemu ya ada. TAFE, si kila shahada ina nafasi hiyo. Anayeikosa hubeba ada nzima, ingawa anaweza kukopa serikalini na kulipa kipato chake kikifikia kiwango. Pia, Blacktown, kituo kinachofuata kwa treni ya mjini, kuna tawi la TAFE, lakini si kila tawi hufundisha shahada.

Basi binamu aliandika maswali matatu ya kwenda nayo: Je, nafasi hii serikali inachangia? Masomo mangapi nitapunguziwa? Nitasomea tawi gani?

Mama mdogo akaongeza la nne kwa mkono wake: "Mahafali ni lini?"